Shajara ya mradi: sahani kubwa za stonweya zenye michirizi ya unyoya ya Staffordshire

13 Januari 2024: mpango

Niko Stoke-on-Trent, Uingereza, na huku ukisema unafinyanga hakuna anayekushangaa, familia nyingi za hapa zina babu au bibi aliyezeekea kwenye viwanda vya vyombo vya udongo. Nimekodi meza kwenye karakana ya pamoja, tanuri ni la umeme, mashelfu yake yana sm 45, na hiyo 45 ikae akilini manake itatubana mbele.

Ninachotengeneza ni sahani kubwa za kupakulia, umbo la yai, zenye ile michirizi ya rangi nyeusi na krimu ambayo inavutwa kwa ncha ya unyoya ikiwa bado mbichi, mistari inapinda vichwa kila unyoya unapopita. Wafinyanzi wa Staffordshire walizitengeneza sana kuanzia mwishoni mwa karne ya 17 na karne ya 18 yote, na vilikuwa vyombo vya jikoni tu, chakula kinaivia humo humo afu kinaletwa mezani. Za kwao zilikuwa za udongo laini uliochomwa digrii elfu moja na kidogo, juu yake glezi (mpako unaoyeyuka motoni ukawa kama kioo) ya risasi, yaani madini ya risasi yamesagwa yakapakwa. Hiyo risasi ndo ilikuwa inawapa ule mng'ao wa rangi ya asali, na hiyo hiyo ndo iliwamaliza wafanyakazi, vumbi lake linaingia mwilini polepole mpaka mtu anapooza mikono. Risasi mbichi viwandani ilikuja kupigwa marufuku katikati ya karne ya 20, kwa hiyo kunakili kama ilivyo haiwezekani na wala sitaki.

Mimi nataka stonweya, udongo unaopelekwa juu ya digrii 1200 mpaka unakaza wenyewe hadi ndani na haunywi maji hata sehemu isiyopakwa glezi. Swali la mradi mzima ni hili: michirizi iliyozaliwa kwenye moto mdogo itasalimika kwenye moto mkali? Nilivyouliza hapa karakana nikaambiwa chagua kimoja, ama michirizi ama stonweya.

Ila wazo si geni. Mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew mwaka 1926 alifufua kiwanda kidogo cha Winchcombe akawa anatengeneza vyombo vya michirizi vya bei ya mtu wa kawaida, afu 1942 akaenda Ghana, wakati ule Gold Coast, na kuanzia 1951 akawa kwenye kituo cha ufinyanzi cha Abuja ya Nigeria, mji ambao sasa unaitwa Suleja, na huko Afrika ndiko alikozama kwenye stonweya moja kwa moja. Ladi Kwali, yule mama aliyeko kwenye noti ya naira 20, alifanya kazi kituo hicho cha Abuja, na Magdalene Odundo, mfinyanzi mzaliwa wa Nairobi, alienda kujifunza pale 1974. Yaani njia ya kutoka kwenye michirizi ya Kiingereza kwenda moto mkali imeshapitia Afrika zamani, nashangaa watu wa huku wanavyoisahau.

Aliyeagiza seti ni shangazi yangu, yuko Leicester. Nilimpigia, shikamoo shangazi, nikamuuliza vipimo. "Marahaba mwanangu. Sikiliza, mimi sitaki ya kutundika ukutani. Nataka pilau ya watu sita ikae, na wakimaliza waone ua chini." Nikamwambia shangazi hayo siyo maua, ni michirizi. "Haya, michirizi, ila pilau ikae." Alitaka urefu wa sm 42. Sasa udongo huu unasinyaa asilimia 12 toka mbichi mpaka umetoka kwenye moto wa mwisho, kwa hiyo sahani ya 42 inabidi iwe karibu 48 ikiwa mbichi, na ikiingia kwenye biskuti, yaani moto wa kwanza kabla ya glezi, bado ni kubwa kuliko shelfu. Tukakubaliana 38 kwa 28, mbichi ni 43 kwa 32. Pilau itakaa.

20 Januari: kuangalia za zamani

Potteries Museum, makumbusho ya mji huu, iko mtaa wa Hanley, kuingia ni bure, na vyombo vya Staffordshire vilivyomo humo vingi mno. Nilienda na rula na penseli.

Za Thomas Toft, yule wa karne ya 17 aliyekuwa anaandika jina lake kubwa ukingoni kabisa, zimechorwa kwa kudondosha uji wa udongo (udongo uliolainishwa na maji mpaka unamiminika) mstari kwa mstari, wafalme, nguva, na ukingo wa mistari iliyokatizana. Nzuri, ila siyo ninachofuata. Ninachofuata ni zile za kalibu, na kwenye zile nimeona kitu kimoja ambacho picha za mtandaoni hazikuonyeshi vizuri: mistari inatoka katikati ya sahani, inapanda ubavuni, inavuka ukingo na inakatwa pale pale udongo ulipokatwa, haikatiki wala haitelezi njiani. Ingekuwa imechorwa ndani ya sahani iliyokwisha umbwa, uji ungekuwa umeshuka chini ubavuni. Kwa hiyo udongo ulipambwa ukiwa bapa mezani, ndipo ukakunjwa juu ya kalibu, uso uliopambwa ukiangalia chini. Huo mpangilio wa kazi ndo ninaouchukua. Risasi wakae nayo.

Mgongoni hazina glezi kabisa, na ukingo umebonyezwa kwa kigurudumu chenye meno.

Kwenye kabati nyingine wana stonweya nyeupe ya chumvi ya karne ya 18, na hapo ndo nikaelewa kwamba Waingereza moto mkali waliujua toka zamani. John Dwight wa Fulham alipata hati ya kutengeneza stonweya mwaka 1672, na Staffordshire nao wakaja wakatengeneza sahani nyembamba nyeupe, chumvi inatupwa tanurini moto ukiwa juu, mvuke wake unashika udongo na kuwa glezi. Sahani zile zimepambwa ukingoni kwa nakshi za ukili na mbegu zilizotoka kwenye kalibu, uji wa rangi hakuna. Michirizi walibaki nayo kwenye udongo laini. Mimi nawaoanisha.

Pembeni kuna jagi la bundi, la michirizi hiyo hiyo, kichwa chake kinatoka unakitumia kikombe. Sisi bundi akilia juu ya bati watu wanaanza kusoma dua, wenzetu wanamnywea bia.

3 Februari: kalibu

Kalibu ni ya kifua, yaani imebinuka, udongo unaulaza juu yake. Nimechonga umbo kwa udongo, nikazungushia ukuta wa mbao, nikamimina plasta. Ya kawaida, video zimejaa, siandiki hatua.

Mambo mawili tu. Moja, kifua kiwe na kona laini, pale ubavu unapokutana na sakafu ya sahani. Kalibu ya kwanza ilikuwa na kona kali na kila udongo niliojaribu ulipasuka hapo hapo ukikauka. Nilipiga msasa plasta mpaka kona ikawa na mviringo wa kidole gumba, tatizo likaisha. Pili, usiitumie plasta siku ya pili yake eti imekauka kwa kugusa. Kavu ya kweli inachukua wiki na zaidi kwa hali ya hewa ya hapa, ikiwa na maji ndani uji unaganda juu yake na michirizi inabaki kwenye kalibu badala ya kwenye sahani. Nilipoteza udongo mzuri sana kwa hili.

Wakati nasubiri ikauke nilitengeneza vipande vya kupimia kusinyaa, mstari wa sm 10 umechorwa, unachoma, unapima. Josiah Wedgwood, mfinyanzi maarufu wa Staffordshire, alitumia kusinyaa huku huku kupimia moto wenyewe, mwaka 1782, vipande vidogo vya udongo vinaingizwa kwenye kipimo kuona vimepungua kiasi gani, na mwaka uliofuata wakamchagua kuwa mwanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza. Mimi natumia koni tu, vijipembe vya udongo vinavyopinda joto likifika kiwango chake, koni 6, kama digrii 1220.

17 Februari: uji, na kubanduka

Hapa ndo pesa na muda vimekwenda.

Uji mweupe wa kwanza niliutengeneza kwa asilimia hizi: kaolini (udongo mweupe) 50, bol klei (udongo mwingine, wa chembe ndogo) 25, feldispa (unga wa jiwe linaloyeyuka motoni) 15, silika (unga wa jiwe la mchanga) 10. Ulikuwa mweupe unaowaka, mzuri kwa macho, na ulibanduka. Siyo wote, ubavuni tu na ukingoni, pale udongo ulipokunjwa. Ukikauka unanyanyuka vipande vidogo unaweza kuving'oa kwa kucha.

Sababu yake ni kusinyaa. Kaolini ya Cornwall ina chembe kubwa, haisinyai sana. Udongo wangu wa chini ni mbichi kabisa wakati naumwagia uji, bado una safari ndefu ya kusinyaa, kwa hiyo chini kunavutika na juu hakuvutiki, kinachofuata ni kubanduka. Bol klei ya Devon na Dorset ina chembe ndogo sana na inasinyaa nyingi. Nikageuza: bol klei 70, kaolini 10, feldispa 10, silika 10. Weupe umepungua umekuwa krimu, ila haubanduki hata ukunje vipi, na krimu yenyewe ndo rangi ya zile za makumbusho kwa hiyo hakuna nilichopoteza.

Uji mweusi ni mabaki ya udongo wenyewe wa sahani, yamekaushwa, yamelowekwa, yamechujwa kwa chekeche ya namba 80, ya matundu madogo, oksaidi ya chuma asilimia 10 na kobalti 1. Huu haukuwahi kubanduka, ni udongo ule ule. Watu wengi wanaongeza manganizi kupata weusi mzito zaidi. Mimi nimeikwepa, moshi wake tanurini ni sumu na karakana yetu feni ni moja imechoka.

Uzito wa uji ni muhimu kuliko rangi. Mweusi na mweupe lazima ziwe na uzito sawa, mmoja ukiwa mzito unazama ndani ya mwenzie na mstari unakuwa na kingo za msumeno. Viwanda vya hapa miaka na miaka vilikuwa vinapima uji kwa aunsi kwenye painti. Mimi napima kwa mililita 100 kwenye mizani ya jikoni: gramu 140, nyeusi na nyeupe zote. Ikizidi naongeza maji kijiko, ikipungua naacha ituame usiku namwaga maji ya juu.

Na tafadhali, usisage wala kufagia hivi vitu vikavu bila barakoa ya vumbi, ile ya kweli siyo ya kitambaa. Vumbi la silika limeua wafinyanzi wengi wa mji huu kuliko risasi, mapafu yanakuwa na makovu hayaponi. Futa meza kwa sponji mbichi, basi.

2 Machi: kuvuta unyoya

Leo nimetoa nzima za kwanza, naandika kwa kirefu kwa sababu hii sehemu video zinaipitia haraka.

Udongo unausukuma kwenye kitambaa cha turubai kama unavyosukuma chapati, vijiti viwili vya sm 1 pembeni ili unene uwe mmoja, na unageuza upande kila mara. Ukimaliza pitisha kipande cha mpira laini juu yake kwa nguvu, huku na huku, unaukandamiza. Usipoukandamiza utakuja kuona nyufa baadaye.

Mwaga uji mweusi wote kwa mara moja, inua ubao, uzungushe mpaka umefunika, wa ziada umwagike kwenye beseni. Usipake kwa brashi, brashi inaacha mistari na uji unakauka kabla hujamaliza. Papo hapo, ukiwa bado unang'aa, shika kibomba cha uji mweupe. Kibomba changu ni kile cha mpira cha kusafishia masikio ya watoto, pauni 3 duka la dawa, kinafanya kazi kuliko cha dukani kwa wafinyanzi cha pauni 11 kinachotema mapovu. Chora mistari toka upande hadi upande, sm 1 na nusu baina yake, mkono usisimame, na ukifika mwisho usiache kubonyeza juu ya udongo, maliza nje ya ukingo, la sivyo kila mstari utakuwa na tone mwishoni.

Afu shika ubao upande mmoja, uinue kidogo, uupige mezani mara moja. Mistari inazama inalala sawa na mweusi. Ukipiga kwa nguvu sana inatawanyika. Ukiacha kupiga kabisa mistari inabaki imenyanyuka na unyoya unaiburuza.

Unyoya sasa. Nilinunua wa bata bukini, nikachuna nyuzi zote nikaacha ncha tu yenye kijinywele. Ncha iguse uji, isiguse udongo. Vuta kukata mistari, kutoka kwako kwenda mbele, ufute ncha kwa karatasi, kisha sm 2 pembeni unavuta kurudi kwako. Ukisahau kufuta, mvuto wa pili unakuwa na rangi ya tope. Usirudie mstari hata kama umependa vipi kuurekebisha, uji mbichi hausahau, ukirudia unapata kidonda.

Kisha kusubiri. Hapa nilihangaika. Unatakiwa uulaze uso wa michirizi juu ya kalibu, kwa hiyo uji uwe umekufa mng'ao na hauachi alama kidoleni, ila udongo wa chini uwe bado unakunjika. Muda huo ni mfupi. Siku ya mvua ni masaa matatu manne, siku ile ya jua la ghafla mwishoni mwa Februari ilikuwa saa moja na nilichelewa, udongo ukapasuka begani. Niliwahi kutumia feni nikajuta, uji ulikauka juu, chini bado mbichi. Dawa niliyoipata ni gazeti, lile la kawaida: ukikaribia, weka kipande kidogo cha gazeti kwenye kona utakayoikata, kibonyeze, kivute. Kikitoka kisafi ni wakati, kikitoka na rangi subiri.

Usinyanyue udongo kwa mikono. Udongo unakumbuka, ukiuvuta pembe moja leo utapinda pembe hiyo hiyo tanurini kwa digrii 1200, wakati umeshaulazimisha kunyooka na ukadhani umekubali. Mimi naweka gazeti juu ya michirizi, ubao mwingine juu yake, nageuza vyote kwa pamoja, natoa ubao wa chini na turubai, natelezesha hadi kwenye kalibu, gazeti likiwa baina ya uji na plasta. Gazeti linaachia lenyewe ukishageuza sahani. Wa zamani sijui kama walitumia hata kitambaa, mikono yao ilikuwa na ufundi wa toka utotoni, mimi acha nitumie gazeti.

Ukingo unakatwa kwa waya, kigurudumu cha meno nimejitengenezea kwa udongo uliochomwa, na kinabonyeza ukingo usionekane umekatwa.

16 Machi: kukauka

Weka ubao mwepesi juu, funika kwa plastiki, fungua kidogo kidogo, siku kumi hivi. Iliyokauka bila ubao ilinyanyua ncha zote mbili. Sahani ya umbo la yai inapinda kwa urefu wake, hata ukijitahidi vipi, ubao ndo jibu.

30 Machi: biskuti

Digrii 1000, polepole mpaka 600. Zote nzima. Pauni 35 kukodi tanuri.

13 Aprili: glezi ya kwanza

Glezi niliyoanza nayo ni ile angavu inayojulikana sana kwa koni 6, vitu vitano kila kimoja 20: feldispa, wolastonaiti (madini yenye chokaa), kaolini, silika na friti (kioo kilichosagwa) ya boraksi namba 3134. Nikaongeza oksaidi ya chuma asilimia 1.5 juu yake ipate ule uasali wa risasi bila risasi. Naimimina ndani, nazungusha, namwaga, mgongo naacha mtupu kama wa zamani, na kwa stonweya hilo halina shida kwa sababu udongo wenyewe haunywi.

Rangi imekubali. Shangazi nilimtumia picha akajibu moyo tatu na "MashaAllah". Hakuziona zilizoharibika.

Tatizo la kwanza, michirizi imevuja. Mweusi umeingia kwenye krimu, kingo zimekuwa za moshi, na pale glezi ilipokuwa nene, chini kwenye kona, hakuna mstari kabisa, ni kahawia tu. Hapa ndo tofauti ya moto ilipo: kwa digrii elfu moja glezi inakaa juu ya uji, kwa 1220 glezi inaula uji, na chuma ndo kinaliwa haraka kuliko vyote.

Tatizo la pili, sahani moja imepasuka katikati toka ncha hadi ncha. Hapa angalia kingo za ufa kabla hujalaumu chochote. Glezi ikiwa imeviringa kwenye midomo ya ufa, ilipasuka wakati moto unapanda, glezi ikaja kuyeyuka baadaye juu yake. Kingo zikiwa kali za kukata kidole, imepasuka ikipoa. Yangu ilikuwa inakata. Silika iliyomo kwenye udongo inabadilika ghafla ukubwa wake kwenye digrii 573, na sahani kubwa bapa ukingo unapoa haraka wakati katikati imeganda kwenye shelfu lenye moto, basi kinachobaki ni kuachana.

Tatizo la tatu, vijiufa vya nywele kwenye glezi. Havionekani siku ya kwanza, ukipitisha wino unaviona. Kwa pambo ni sawa, kwa pilau siyo.

Na zimeganda shelfuni kidogo chini, zilishindwa kuteleza wakati zinasinyaa, moja imepinda kwa hilo.

4 Mei: marekebisho

Nimebadilisha vitu vinne kwa pamoja, najua sheria ni badilisha kimoja kimoja, ila tanuri ni pauni 50 kwa moto wa glezi, kwa hiyo vipande vya majaribio vilitangulia kwenye tanuri la mwenzangu, kona moja tu, bila malipo.

Uji mweusi: chuma nimeshusha hadi 3, nimetoa kobalti, nimeweka steini nyeusi, unga wa rangi wa wafinyanzi wa dukani, asilimia 8. Steini imeshapikwa kiwandani, glezi haiili kirahisi. Pauni 17 kwa nusu kilo, inauma, ila mstari umesimama. Weusi wake ni mkavu kidogo, hauna ile joto ya chuma, hizo 3 za chuma nimeziacha kwa sababu hiyo.

Glezi: silika nimepandisha toka 20 hadi 27, vijiufa vimeisha. Nilijaribu 24 vikabaki vichache, kwa 30 glezi ikaanza kuwa ngumu kuyeyuka. Na naimimina nyembamba zaidi, kwa pini ukikwaruza uone unene wa kadi ya benki, siyo zaidi.

Kupoa: toka 650 hadi 500 nashuka digrii 60 kwa saa, na tanuri halifunguliwi kabla ya 100 hata mtu akipanga foleni. Karakana ya pamoja hili lina ugomvi wake. Kuna aliyefungua kifuniko kwenye 180 achungulie vikombe vyake, vikombe havikufa, sahani yangu ilipiga mlio nikiwa pale pale. Sasa nabandika karatasi.

Shelfu: unga wa alumina umenyunyizwa chini, sahani inateleza ikisinyaa. Kupinda kumeisha kabisa, na hili ndo rahisi kuliko yote na nilitaka sana ningekuwa nimelisoma mahali mapema.

Zilizotoka leo: michirizi ina kingo, krimu ni krimu, kwenye kona chini kuna ukungu kidogo tu wa asali ambao mimi naupenda.

25 Mei: majaribio ya mezani

Kipande cha limau juu ya glezi usiku kucha, asubuhi nimeosha, rangi haijabadilika na mng'ao upo. Siki hivyo hivyo. Toka friza kwenda kwenye maji yanayochemka, kipande cha jaribio, mara kadhaa, wino, hakuna kijiufa. Hilo la friza ni kipimo cha glezi tu, siyo matumizi, stonweya kubwa bapa ukiitoa friji ukaiweka kwenye oveni yenye moto unaitafutia ufa. Iingie oveni ikiwa baridi ipate moto nayo.

Sahani ilikaa na maji usiku mzima juu ya gazeti, mgongo mtupu, gazeti kavu.

Shangazi amepokea tatu. Kazipakulia biriani badala ya pilau. Amesema zimetulia mezani hazichezi, ila nzito. Ni kweli, moja ni kilo mbili na nusu. Nikipunguza unene hadi milimita 8 nadhani bado itasimama, wa stonweya ya chumvi walienda chini zaidi ya hapo.

8 Juni: gharama, na moka

Udongo mifuko minne ya kilo 12.5, pauni 56. Plasta 28. Malighafi za uji na glezi 61. Steini 17. Vibomba viwili 6. Biskuti tatu 105, moto wa glezi mara tatu 150. Jumla pauni 423, na sahani nzima za kuweka mbele ya mgeni ni saba, kwa hiyo kila moja imenigharimu 60 kabla hujahesabu mikono. Seti inayofuata haitakuwa na majaribio, nakadiria itashuka hadi 30, nusu yake ni umeme wa tanuri. Anayetaka kupunguza zaidi apunguze urefu, sm 30 zinaingia mbili shelfu moja na mambo yote ya kupinda na kupasuka yanapungua.

Wakati naisubiri bol klei mpya nimeanza na moka. Ni ufundi mwingine wa hapa hapa, mwishoni mwa karne ya 18, waliiga yale mawe ya akiki yenye michoro ya miti ndani yaliyokuwa yanapitia bandari ya Mokha, Yemen. Unamwaga uji, ukiwa bado maji maji unadondosha tone la rangi iliyochanganywa na kitu chenye asidi, wao walichemsha tumbaku, mimi nimetumia siki ya tufaa na steini, tone linatawanyika lenyewe linaota matawi. Likitua kwenye uji uliokufa mng'ao haliendi popote.

Vipande vya kwanza vimetoka leo kwa 1220. Vya siki ya tufaa na steini nyeusi ni madoa, steini ni nzito inazama kabla asidi haijafanya kazi. Kimoja nilichotumia oksaidi ya chuma iliyosagwa tena kwenye kinu cha mkono kimeota mti wenye matawi mpaka nchani, ila glezi imeula ukawa kahawia hafifu. Nimeweka loweko jingine la chuma na steini nusu kwa nusu, tumbaku badala ya siki, linaingia kwenye moto wa wiki ijayo pamoja na sahani mbili za milimita 8.